Upande wa Ukuta

Kitale,
Jumatano.

Kwa Dada Rispah,

Mulembe, dada yangu. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa na nguvu kidogo kuliko mara ya mwisho tulipoonana, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Mama aliniambia kwamba sasa unakula, ingawa ati unakula kama mtu aliyeandikwa kibarua cha kula. Nilicheka, halafu nikakaa chini. Msalimie sana, na umwambie dawa zake za presha ziko ndani ya mfuko huu huu. Mimi sijambo. Kazi inaendelea. Mvua imekatika mapema, na wenye mahindi huku wote wamenuna.

Najua utashangaa kupata barua mwaka huu wa watu kutumiana sauti kwa simu. Simu zangu huzipokei tangu uliposikia kwamba Tonny anakaa kwangu, na ujumbe ninaokutumia unabaki pale pale bila kusomwa. Sikulaumu. Nimemwomba Mama akupe barua hii mkononi kisha aende zake jikoni. Nakuomba jambo moja tu kabla sijaendelea: isome mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye.

Shemeji Tonny aliletwa Kitale mwezi wa nne na kaka yake, ambaye hata chai hakunywa. Alisimama mlangoni akaniambia kwamba kwa kuwa mimi nafanya kazi na watu wanaopima vichwa, basi tupime hiki, tuwaambie kama mtu huyu anaona ama haoni, maana wao Malakisi wamechoka kuchekwa. Tonny alikuwa nyuma yake na mfuko wa nguo, ametazama upande ambao hapakuwa na mtu.

Kaka yake alinieleza yote. Kwamba hospitali ilisema haoni, naye mwenyewe anasema haoni, lakini akiwekewa kigoda njiani anakizunguka. Kwamba watoto wa jirani walimrushia chungwa ghafla na mkono wake ukalidaka, akabaki amelishika kama mtu aliyeshikishwa kitu cha wizi. Siku hiyo watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wake za ndugu zake walianza kumwita Macho Manne, na wakimpikia walimwambia ajipakulie mwenyewe, si anaona. Ninaandika haya kwa sababu yalitokea baada ya wewe kuondoka, na sijui kama kuna aliyekuambia.

Lakini neno lako wewe lilikuwa zito kuliko la hao wote. Uliniambia siku ya mazishi ya mtoto wenu Naliaka, nyuma ya choo, ukiwa umenishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Ulisema ulipofika na chai asubuhi ile ulimkuta Tonny amelala kwenye nyasi nje ya banda la kukaushia tumbaku alikokesha na moto, na mlango uko wazi. Naliaka alikuwa ndani, amelala kwa ubavu kizingitini, amekatiza mlango wote. Ulimtoa peke yako kabla majirani hawajafika. Ukaniambia: aliyetoka kwa mlango ule alimwona mtoto, na alimruka. Hukumwambia mtu mwingine. Uliniambia mimi, ukaenda kwa Mama huko Kanduyi, na Tonny alipozinduka hospitalini aliambiwa tu kwamba mtoto amezikwa na mke ameenda.

Nayarudia ili ujue kwamba niliyasikia vizuri, na kwamba niliyaamini. Nilimpokea kwangu nikiyaamini.

Sasa nikueleze kazi yetu kidogo, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kusema vizuri. Kituo chetu kiko nyuma ya maghala ya mahindi, nyumba ya vyumba vinne yenye mapazia mazito. Mkubwa wangu ni Daktari Wacuka, mtu wa hapa hapa Trans-Nzoia ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri. Haongei sana. Fundi wetu wa mitambo ni Dancan Thuo, naye huongea kwa niaba ya wote wawili. Tunachotafuta ni hiki: kile ambacho macho yameleta ndani ya kichwa kinakuwa lini kitu ambacho mtu anajua kwamba anakiona? Si kila kinachoingia hufika huko. Wewe mwenyewe umewahi kutafuta ufunguo juu ya meza na ufunguo uko mbele yako. Macho yaliuleta. Hukuarifiwa.

Tulimpeleka Eldoret akapigwa picha ya ubongo kwenye ile mashine kubwa ya sumaku. Macho yake ni mazima. Lakini kule kisogoni, mahali ambapo ubongo hupokea kuona, ile hewa mbaya ya moto uliofungiwa ilikuwa imepala sehemu hapa na pale, kama nguo iliyoliwa na mende. Daktari Wacuka aliitazama picha ile muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye kisogo cha namna hii anaweza kuwa anaona bila kujua. Nikamuuliza ina maana gani. Akasema, ina maana tumpime, tuache kumuuliza.

Basi kila asubuhi Tonny alikaa kwenye kiti, akavishwa kofia yenye taa ndogondogo zinazosoma jinsi damu inavyokimbia chini ya fuvu. Mbele yake kuna kioo kinachopitisha picha kwa muda mfupi kuliko kupepesa: nyumba, jembe, nyuso za watu asiowajua, nyuso za watu anaowajua. Kisogo kikiitika, sauti katika masikio yake inapanda. Kikinyamaza, inashuka. Kazi yake ni kuipandisha mwenyewe. Hakuna anayemfundisha namna, anajitafutia tu, kama mtoto anavyojifunza kupiga mluzi. Tumaini la Daktari ni kwamba kitu kinachofika kikiwa dhaifu kinaweza kusukumwa, siku baada ya siku, mpaka mwenye kichwa akijue.

Dada, yule mtu alifanya bidii. Alifika kituoni kabla ya Dancan mwenye funguo. Siku moja alisema kuna kitu kama ukungu kimesogea. Siku nyingine alisema kuna wekundu, chini, upande wa kulia. Nilitazama kioo cha pili ambacho yeye hana habari nacho. Picha iliyopita ilikuwa ya Naliaka na ile sweta yake nyekundu ya shule. Aliomba maji. Kesho yake alitaka tuanze mapema zaidi. Picha yako pia ilikuwemo, lakini sitakuambia sauti ilifanya nini, usije ukasema nakubembeleza.

Picha za watu anaowajua nilizitoa mimi kwenye simu yangu, na hapo nilifanya jambo ambalo ningeshambuliwa nalo nyumbani. Niliweka picha ya Mama. Sikufikiri hata kidogo. Niliona uso anaoujua, basi. Dancan na Daktari wasingeweza kujua, kwao mambo hayo hayako hivyo, lakini mimi nimelelewa kwenye boma lile.

Kukawa na tatizo. Mara kwa mara Tonny alikuwa anatikisa kichwa katikati ya kipimo, na kichwa kikitikisika taa za kofia zinasoma uongo. Dancan alilalamika kila siku. Alisema mzee huyu anacheza reggae ya kimoyomoyo, alisema tumfunge kwa kamba ya ng'ombe, na kila jioni alikaa akivifuta vile vipande vibovu ili visiharibu hesabu. Tonny alipoombwa atulie alikasirika kidogo, akasema ametulia kama jiwe, hajageuka popote, labda mashine yetu ndiyo inatikisika.

Nilikuwa nimekaa na Dancan akifuta, nikitazama tu bila kufikiri, kwenye video ya uso wa Tonny. Nikamwona anageuka. Alipeleka uso kushoto, akainamisha macho, na mkono ukapanda nusu hadi usawa wa shavu. Nikamwambia Dancan arudishe nyuma. Akasema nini tena, si huyu ni Bob Marley wetu. Nikamwambia arudishe, na sauti yangu ikamfanya aache mzaha.

Unakumbuka siku ya kuleta mahari, Mama alipotokea jikoni na sinia bila kujua wageni wamesogea upande ule? Tonny hakuwa na pa kwenda. Alijibandika kwenye tangi la maji, akageuza uso kushoto, akainamisha macho, na mkono ukapanda kujikinga kwa heshima. Binamu Kevin alipasuka kwa kicheko, akasema huyu mkwe anataka kuingia ndani ya tangi. Ni mgeuko ule ule, dada. Huwezi kuukosea. Tulitafuta vipande vyote alivyotikisa kichwa, hata vile vilivyokwisha kutupwa. Kila kimoja kilikuwa picha ya Mama.

Daktari Wacuka nilipomweleza kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, aliketi. Tukatafuta mama mwingine wa rika lile, kitambaa kichwani vile vile. Kioo kilipompitisha, Tonny alitulia tuli. Tukampitisha Mama. Akageuka. Daktari akamuuliza kwa upole kwa nini ameinamisha uso, naye akajibu hajainamisha, ila shingo inamuuma siku hizi na hajui kwa nini.

Fikiria hilo kama nilivyolifikiria mimi. Anayejifanya kipofu angekaza shingo. Angekaza zaidi kwa uso ule kuliko uso wowote. Kuna sehemu ya Tonny iliyomwona Mama, ikamtambua, ikamheshimu, na haikumwambia Tonny. Hakuwa akidanganya watu kuhusu kile kigoda. Hakudanganya kuhusu lile chungwa. Niliingia chooni nikalia, nikajinawa, nikarudi kazini.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kutembea. Korido yetu ni ndefu. Tulimwambia iko wazi, atembee bila fimbo mpaka mwisho. Haikuwa wazi. Tulikuwa tumeweka katoni, kiti, na ndoo, na kwa kuwa vizuizi vya sponji vilikuwa vimeisha, Dancan alileta nusu gunia la mahindi akalilaza chini, likakatiza korido ukuta hadi ukuta. Tonny alitembea polepole, mikono imening'inia. Alipita kando ya katoni. Alipita kando ya kiti na ndoo. Alipofika kwenye gunia aliinua mguu, akavuka, akainua wa pili, akaendelea hadi mwisho. Alipoulizwa alikutana na nini alisema hakuna kitu, si mmesema iko wazi.

Dancan alipiga makofi peke yake. Na mimi, dada, nilikuwa na furaha iliyonipofusha. Daktari alikuwa ameagiza asiambiwe lolote mpaka vipimo vyote viishe. Nilimkimbilia pale pale, nikamshika mabega, nikamwambia shemeji, wewe si mwongo, tuna ushahidi, mwili wako unaona njia wewe usipojua. Nikamwambia amepita vitu vyote, hata gunia lililolazwa chini amelivuka.

Alicheka kwanza. Alisema basi wale wamama wa Malakisi watanilipa kila ugali niliojipakulia. Halafu akaniomba nimpeleke kwenye lile gunia.

Alipiga magoti. Aliligusa upande mmoja, akalifuata kwa viganja polepole mpaka upande wa pili, kama mtu anayepima kitanda. Alirudi katikati, akaacha mkono wake pale, juu. Dancan alikuwa bado anaongea. Tonny akaniuliza, bila kuinua uso, Naliaka alikuwa amelala wapi.

Akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi mvua ilivyokuwa kubwa, mtoto akakataa kurudi nyumbani, yeye akafunga mlango ili joto lisipotee, akamlaza juu ya magunia matupu pembeni. Alisema anakumbuka kichwa kuuma, anakumbuka giza ambalo si la usiku, kisha anakumbuka hospitali. Kila siku amejiuliza alitokaje. Alidhani labda mtu alimtoa. Sasa amejua aliyemtoa ni huu huu mwili wake. Anachotaka kujua ni aliyemtoa alipita wapi.

Dada Rispah, kazi yangu ni kuandika kile mtu alichosema ameona, bila kuongeza wala kupunguza. Nimefundishwa hivyo, na nimejivunia hivyo. Nilimwambia Naliaka alikutwa ndani kabisa, upande wa ukuta wa nyuma, juu ya yale magunia matupu, palepale alipomlaza. Nilimwambia alikuwa kama amelala tu, na hakuwa karibu na mlango hata kidogo.

Ninakuambia wewe kwamba nimedanganya, na sijutii. Ninachojutia ni kwamba sikudanganya vizuri. Alisema asante shemeji, kwa namna mtu anavyomshukuru aliyemletea chakula wakati hana hamu.

Tangu siku ile ile sauti masikioni mwake haipandi tena. Daktari Wacuka ananiuliza kumetokea nini, maana mlango ulikuwa unafunguka na sasa kuna mtu ameuegemea kwa ndani. Sijamwambia. Hata ukungu haoni. Nadhani hataki chochote kiingie. Nyumbani kwangu haendi tena hatua moja bila kuinama. Anapapasa sakafu kwa viganja viwili, kulia na kushoto, ndipo anasogeza mguu, ndipo anapapasa tena. Kutoka kitandani mpaka mlangoni inamchukua muda ambao siwezi kukaa nikautazama. Nilimwambia sakafu ni tupu. Akaniambia hata korido mlisema ni tupu.

Mimi nami nimeharibika kidogo. Juzi nilikuwa navuka barabara pale sokoni, nikagundua nimekwepa dimbwi ambalo sikumbuki kuliona. Nilisimama, nikageuka, nikalitazama. Mwenye bodaboda alinipigia honi, akaniambia dada, hayo maji hayatakuoa. Sikuweza kuondoka upesi. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyelikwepa, na ni mangapi mengine ananifanyia bila kunieleza.

Jana Tonny alinitamkia alichokuwa anakizunguka. Alisema haniamini, na nisikasirike. Ati mimi ni shemeji yake, nimempikia, nimemfulia nguo, ningeweza kumwambia lolote ili alale. Alisema kuna mtu mmoja tu duniani ambaye hana sababu ya kumhurumia, na huyo akisema mtoto alikuwa wapi, ataamini, liwe liwalo. Huyo ni wewe.

Tutakuja Kanduyi Jumapili baada ya ibada. Hataingia ndani. Ataketi nje karibu na lango, kwa heshima ya Mama. Sikuombi umsamehe, wala urudi Malakisi. Sikuombi hata uamini haya yote kwa sababu nimesoma. Nakuomba ufanye hivi. Mwambie Mama atoke jikoni apite mbele yake bila kusema neno, na asivae zile kandambili zake, maana zinasikika. Wewe simama dirishani utazame uso wa Tonny. Utaona kwa macho yako mwenyewe nilichokiona mimi. Halafu jiulize kama mtu huyo, usiku ule, alimwona mtoto wake.

Ukisharidhika, toka. Atakuuliza. Hatazunguka, atakuuliza moja kwa moja. Sisi wawili tu ndio tunaojua alikuwa wapi, na ulimbeba peke yako, kwa hiyo neno lako hakuna wa kulipinga. Najua ninachokuomba. Nakuomba uichukue ile sehemu ya Naliaka iliyo yako peke yako, kizingiti kile, ubavu ule, uifungie ndani maisha yako yote, na umpe huyu mtu mtoto mwingine aliyelala vizuri. Ukishindwa, mwambie kweli, na mimi nitamrudisha Kitale na sitakunung'unikia. Lakini kabla hujafungua mdomo, tazama viganja vyake. Vimechubuka.

Upande wa ukuta wa nyuma, dada. Juu ya magunia matupu. Nimekuandikia mara mbili ili maneno yetu yafanane.

Mama nimemnunulia kitambaa, nitakuja nacho. Wasalimie wa kanisani, na ujifunike kifua jioni. Tonny anakusalimia, hakunituma niseme hivyo, lakini nilipomwambia nakuandikia aliacha kupapasa, akakaa wima.

Ni mimi mdogo wako,
Nelima